Baragumu Lililong'aa Nje

Wazazi wenzangu, nanyi walimu mnaoshika funguo za stoo za shule, nipeni masikio yenu kidogo. Ninalotaka kusimulia linatia kinyaa, na sitalipaka asali. Kupaka asali ndiko kulikotuponza hapa mjini kwetu Skogvik, huku kaskazini kwenye baridi.

Jumapili moja ya Oktoba nyumba ya Gaute Brekkhus ilikuwa imetulia. Mvua nyembamba ilikuwa ikiteleza kwenye vioo, Synne mkewe anachoma mikate myembamba ya wafeli jikoni, na jibini la kahawia limeshakatwa vipande mezani. Sebuleni alikuwepo Tiril, binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na moja, amelipakata baragumu lake kama mtu aliyepakata mtoto. Lilikuwa tarumbeta pana la sauti nene, mali ya bendi ya shule. Alikuwa akijifunza wimbo wa gwaride, na Gaute, kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa akipigapiga mguu sakafuni kufuata mapigo.

Mara wimbo ukakatika. Tiril akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka akainama, akashika ukingo wa meza, akatema kwenye kitambaa kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha.

"Mwanangu, weka hilo tarumbeta chini, uje unywe maji," Synne akasema.

"Mafua tu hayo," Gaute akajibu. "Oktoba hii nani hakohoi? Haya Tiril, rudia pale ulipoishia."

Mtoto akarudia.

Gaute ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa bendi. Kwetu sisi watoto hawanunuliwi matarumbeta. Ni ya shule, yanatoka kinywa hadi kinywa, mwaka hadi mwaka. Mtoto anapuliza pumzi yake, na pamoja na pumzi anapuliza mate, makombo ya mkate, hata masalia ya peremende. Vyote hivyo hukaa humo kwenye mabomba yenye kona nyingi kuliko utumbo wa ng'ombe. Ndiyo maana tulikuwa na desturi. Mara mbili kwa mwaka wazazi tulikusanyika shuleni kwa msaragambo, tukajaza mabeseni maji ya uvuguvugu na sabuni, tukasukuma brashi ndefu mpaka ndani kabisa. Msimamizi alikuwa Bi. Aslaug, mama mtu mzima ambaye wanawe wote walipita kwenye bendi hiyo, naye akabaki.

Gaute aliichukia siku hiyo kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kinyaa. Hakuweza kunywa kikombe cha mwenzake, na ule utelezi wa kijani uliochuruzika kutoka kwenye matarumbeta ulimtoa kijasho. Si dhambi kuwa na kinyaa, wenzangu. Kinyaa tumepewa kituongoze kwenye maji na sabuni. Cha Gaute kilimwongoza kwingine: alitafuta njia ya kutouona uchafu.

Akaipata. Mwaka mmoja hivi kabla ya Jumapili ile, kwenye mkutano wa wazazi, alikuja na picha za kabati lenye taa za mionzi ya urujuanimno, ile mionzi inayoua vijidudu. Unapanga vyombo, unafunga mlango, taa zinawaka dakika kumi, kwisha.

"Hakuna maji, hakuna brashi, hakuna kushinda Jumamosi nzima tunanusa mate ya watoto wa watu," akasema, na ukumbi ukamshangilia.

Bi. Aslaug alikuwa amekishika kijitabu cha maelezo. Akavaa miwani yake.

"Gaute, hapa wameandika vyombo vioshwe kwanza, ndipo viingizwe. Wanasema mwanga huu unaua kile unachokipiga tu. Kona za ndani ya bomba utazipigaje?"

"Aslaug, wewe ungeachiwa ungefua hata mwezi!" Gaute akasema.

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sitaki kujitoa. Kura zikapigwa, kabati likanunuliwa, brashi zikafungiwa ndani ya sanduku. Bi. Aslaug akavua miwani, akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyemfuata kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya mazoezi, Gaute alipanga matarumbeta kabatini, akafunga na kutazama ule mwanga wa zambarau ukivuja kwenye kidirisha. Aliupenda. Ulimfanya ajione ametakasa kila kitu bila kugusa chochote. Kisha alifuta matarumbeta kwa kitambaa, yakang'aa kama siku ya harusi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Laiti mle ndani kungekuwa na kipande cha mti tu!

Mwaka wa kwanza wa kabati hilo, baragumu bora kuliko yote lilikuwa kwa Brage, mtoto wa Jorunn, yule mama anayeendesha basi la shule. Hadi kufika majira ya kuchipua Brage alikuwa hawezi kumaliza mstari mmoja wa wimbo. Anakohoa, anaketi, anaomba apumzike. Gaute alimwambia mbele ya wenzake kwamba bendi si mahali pa wavivu. Kijana akalirudisha baragumu, akaacha muziki. Na Gaute, kwa kuwa funguo zilikuwa mfukoni mwake, hakumpa baragumu hilo mtoto aliyekuwa akingoja zamu. Alimpelekea binti yake.

Basi ile Jumapili ya Oktoba ilikuwa mwanzo tu. Desemba Tiril alikuwa anapandisha ngazi kwa kupumzika katikati. Januari homa ikawa inamjia jioni na kumwacha asubuhi. Daktari wa mtaa akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Haikusaidia. Mtoto alikonda, macho yakamtoka, na juu ya kitanda chake hapakukosekana rundo la vitambaa vilivyogandamana kwa makohozi. Gaute alivikusanya kwa ncha za vidole, ameugeuza uso pembeni.

Na bado alimhimiza apulize. "Mapafu ni msuli, Tiril. Yazoeze."

Pasaka walikwenda milimani kwa mama yake Synne, wakakaa siku kumi. Gari lilijaa skii na mabegi, baragumu likabaki nyumbani. Siku ya nne Tiril hakukohoa. Siku ya saba aliteremka mlima kwa skii akipiga kelele za furaha. Walirudi Jumatatu. Jumanne akafanya mazoezi, na Jumatano asubuhi Synne alimkuta ameketi kitandani, midomo imeingia ubuluu, anatafuta pumzi kama samaki aliyetupwa jahazini.

Wakamkimbiza hospitali kubwa ya mkoa. Alipowekewa oksijeni na kutulia, daktari wa mapafu, mwanamke mpole asiye na haraka, akawaketisha wazazi.

"Niambieni, kikohozi hiki huwa kinapungua lini?"

Gaute akafungua mdomo, lakini Synne alimtangulia.

"Akiwa mbali na baragumu," akasema. Hata yeye mwenyewe alishtuka kulisikia neno hilo likitoka. "Kule milimani hakulipuliza. Aliporudi tu kulipuliza, akaanguka."

"Haiwezekani," Gaute akasema. "Daktari, lile baragumu linaingia kwenye kabati la mionzi kila wiki. Ni safi kuliko vikombe vya hospitali yenu."

"Kuna aliyewahi kutazama ndani?"

Gaute akaanza kueleza habari za taa na dakika kumi, daktari akamkatiza.

"Nenda kalioshe. Vaa barakoa. Kitakachotoka, niletee kidogo kwenye chupa."

Aliondoka mchana huohuo. Alilivunja sanduku la brashi shuleni kwa kuwa hakukumbuka ufunguo wake ulipo, akachukua brashi ndefu, akaenda nayo nyumbani, akafungulia maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kuogea. Baragumu lilikuwa linapendeza. Aliona uso wake kwenye shaba.

Alichomoa kibomba cha kwanza. Harufu ikampiga kabla hajainama: harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahaulika ndooni, imechanganyika na maziwa mabovu. Akasukuma brashi. Haikwenda. Akasukuma kwa nguvu, na kikatoka kitu kama kamasi nene, rangi ya kijani na nyeusi, kikadondoka majini na kubaki kizima, hakitaki kuyeyuka. Nyuma yake yakafuata mabonge yenye manyoya ya ukungu. Kisha kipande cha peremende nyekundu, laini kama nyama. Kisha ute, na ute, na ute, mpaka beseni jeupe likawa kama dimbwi la nyuma ya zizi.

Gaute alitapika kwenye sinki. Akasukutua, akarudi, akasukuma tena. Kilichomvunja hakikuwa ule uchafu. Alikumbuka kwamba kabla ya kupuliza, mtu huvuta pumzi, na Tiril alikuwa akiivuta bila kuondoa mdomo wake pale, kama watoto wengi. Miezi minane mtoto wake alikuwa akiyavuta haya hadi kwenye mapafu. Na yeye, baba anayechagua vikombe, ndiye aliyekuwa akimwambia arudie pale alipoishia.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Mapafu ya Tiril yalikuwa yamevimba kwa mzio wa ukungu. Daktari alisema wamewahi. Wangekaa mwaka mmoja zaidi, pangebaki makovu yasiyofutika. Akapewa dawa, akakatazwa chombo chochote cha kupuliza, na kufikia mwisho wa Mei alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Lakini alipoambiwa kwamba matarumbeta yote yameoshwa, na kwamba siku moja huenda akaruhusiwa kurudi, alitikisa kichwa.

"Sitaki, baba. Nikiliona tu, nasikia ladha yake mdomoni."

Gaute alikiri mbele ya wazazi wote, akaenda kwa Bi. Aslaug kumwomba arudi kusimamia. Mama huyo alikubali, ila alimtazama mikono kwanza, kama anayekagua kama kweli imeosha kitu. Ikabaki safari moja, na hiyo ndiyo aliyoiogopa. Alikwenda nyumbani kwa Jorunn.

Jorunn alimpokea mlangoni, hakumkaribisha kiti.

"Mwaka mzima mwanangu anaitwa mlegevu na baba yake, kwa kuwa wewe ulisema," akamwambia. "Alipoacha tu bendi kikohozi kikaisha, tukasema, unaona, alikuwa anajisingizia. Sasa usizungumze na mimi. Zungumza naye."

Brage akaja, amerefuka, mikono mifukoni. Gaute akamwomba msamaha. Akamweleza habari za ukungu, za kona za bomba, za mwanga usiofika ndani. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikwambia linanuka," akasema. "Nilikuletea mpaka puani. Ukanambia shaba zote zinanuka hivyo, nipulize kwa nguvu."

Gaute hakuwa anakumbuka. Alisimama pale barazani akijaribu kukumbuka, na taratibu ikamjia: mtoto amemnyooshea baragumu, na yeye amerudisha kichwa nyuma ili asinuse.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mionzi ile haina kosa. Kabati bado tunalo na bado tunalitumia, baada ya brashi, sabuni na maji. Mwanga huua vijidudu unavyovifikia. Haupindi kona, haupenyi utelezi, wala haufanyi kazi ya mikono yetu. Chombo wanachotumia watoto wengi, kiwe tarumbeta, miwani ya maabara au kofia ngumu, kioshwe kwanza, na kichunguzwe ndani, si nje tu. Tusiache mbachao kwa msala upitao.

Tena, mtu anayeuogopa uchafu kiasi cha kukataa kuutazama, huyo ndiye anayeufuga.

Na mtoto akikwambia kitu kinanuka, usimfundishe kuvumilia. Inama unuse.