Kamera Ilimwita Tadea

Hivi wewe, kamera ikikuita kwa jina la mke wa kwanza wa mumeo, na mwenyewe yuko kaburini, utacheka au utakimbia?

Gertruda alicheka. Alikuwa kwenye mzani wa chama cha ushirika, milimani Mbinga, na debe lake la kahawa mbivu, siku Notburga alipoleta huduma tatu za kutambua sura ili ichaguliwe moja, wakulima waache kuibiana namba za uanachama. Kazi hiyo wengine tuliiomba, tukaambiwa hatuna experience. Notburga alikuwa nayo, na mjomba kwenye bodi. Haya.

Huduma mbili zilikwama network ilipokata. Ya tatu haikuhitaji network. Ilimtazama Gertruda, ikamchorea kiboksi cha kijani usoni, ikaandika: TADEA.

"Ni bug tu, mama," alisema Notburga. "Picha ya Tadea bado imo kwenye mfumo."

"Imo kwa nini? Si alishakufa?"

Ignatio, mumewe, alitazama viatu vyake. "Mibuni ilikuwa yake. Nikilifuta jina, bodi itaanza maswali ya nani kairithi. Wewe pima tu kwa jina lake."

"Navuna mimi, anaandikwa yeye? Sema tu bado unamtaka!"

Ignatio akalisogeza debe kwenye mzani. Ndipo ikaja harufu ya usipa wa moshi, harufu ya Liuli, kule ziwani kwao Tadea, na kwenye foleni hakuna aliyebeba samaki.

Notburga aliichagua hiyohiyo huduma ya tatu. It's fast, alisema.

Tangu hapo kila Gertruda akija kupima, kiboksi cha pili kilitokea begani kwake, kwenye hewa tupu.

"Mnamwona?" alinong'ona. "Ananihemea sikioni. Anasema nishushe debe lake, nimwachie na mumewe."

Siku Ignatio alipomshika mkono mbele za watu, mashine ya kumenya kahawa ikazima yenyewe, harufu ya usipa ikajaa hadi watu wakaziba pua, na kile kiboksi cha begani kikaanza kusogea, taratibu, kikapanda shingo, kikapita shavu, kikakaa juu ya kile cha usoni hadi vikawa kimoja, na Gertruda akafumbua mdomo, akamwita Ignatio kwa jina la mtoto wake na Tadea, kwa sauti ya mtu aliyezikwa: "Baba Aurelia, umeniweka nani kitandani?"

Katekista Erasmo aliitwa, akasali, akamnyunyizia maji ya baraka. "Futa hiyo picha!" alimfokea Notburga.

Akafuta. Harufu ikakata. Watu wakapumua.

"Simama tena, mama, tukusajili kwa jina lako."

Gertruda akasimama. HAKUNA USO, ikaandika kamera. Akavua kitambaa cha kichwa, akasogea. HAKUNA USO. Ignatio alipokuja kumfuta machozi, vikatokea viboksi viwili: kimoja usoni kwa Ignatio, kingine pembeni yake, kwenye hewa tupu.

Jioni Gertruda alibisha mlango wa nyumba yake. Ignatio akafungua, akamtazama kwa adabu. "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Jikoni nyuma yake, mtu alikuwa anakaanga usipa.

Sasa nyie wa bodi, mliopitisha mfumo bila kuuliza mmewaacha wafu wangapi ndani kwa ajili ya mibuni, na wewe Notburga na first class yako ya chuo: rudisheni uso wa Gertruda. Leo.