Patasi Nyuma ya Ukuta

"Liweke chini, nimesema!"

"Mama, mtu amesimama nje anasubiri."

"Asubiri mpaka aote mizizi. Hilo tezo haliuzwi."

Tulikuwa tumelishika wote wawili lile shoka dogo la kuchongea, mpini wake katikati yetu kama watoto wanaogombania fimbo.

"Baba yako hata udongo wake haujakauka," mama alisema, "na wewe unamuuza kipande kipande. Nani amekutuma?"

Nilivuta. Vidole vyake vikaachia bila ubishi, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama yangu alikuwa akibeba magogo ya baba begani na kuimba. Sasa alishindwa kunyang'anyana tezo na binti yake.

Nilitoka nje nikampa yule fundi wa viti. Aliupapasa mpini ulivyolika mahali pa vidole, akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka nalo. Nilirudi ndani nikamkuta mama ameshakaa mahali pake, kwenye kigoda, sikio ukutani.

Nieleze kuhusu ule ukuta.

Baba alikuwa mchongaji. Karakana yake ilikuwa chumba cha pili, na kati ya karakana na chumba cha mama ulikuwepo ukuta mmoja tu, mwembamba. Vumbi la mbao lilimmaliza kifua pole pole. Alipolala kitandani asiweze kujigeuza, mimi niliacha shule nikawa namgeuza. Sikuona ni kitu kikubwa. Nilidhani atapona, nami nitarudi darasani, na kila kitu kitaendelea pale kilipoishia.

Hakupona.

Enzi za uzima wake, jua likizama, mama alikuwa akimwita aje ale, naye hujibu, "Nimalizie kidogo." Hiyo kidogo yake ilikuwa inakwenda mpaka chakula kinapoa. Tukimwita sana hakujibu kwa mdomo. Alikuwa akigonga meza mara moja kwa ile nyundo yake ya mti. Ko. Maana yake: nimewasikia, msinisumbue.

Wiki ile ile tuliyomzika, giza lilipoanza kuingia, nikasikia tezo.

Chwa... chwa... chwa...

Nilidhani ni jirani. Halafu ikaja patasi, ko ko ko, ikanyamaza. Halafu kikohozi. Kile kikohozi chake, kikavu, cha kuomba radhi.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatabasamu.

"Amechelewa leo," alisema.

Kuanzia hapo hakula tena jioni. Halafu hakula mchana. Alikuwa akisubiri giza tu, kama msichana anayesubiri mchumba, na kila asubuhi nilimkuta amepungua. Shangazi, dada yake baba, alikuja kututazama. Alisikiliza kidogo pale ukutani, akatoka nje mbio huku kanga inamdondoka.

"Wifi yangu anaondoka huyu," aliniambia kwa kunong'ona. "Kaka hajajua kama amekufa. Zana zake ziko mezani, ataachaje kuja? Na akiendelea kuja, huyu atamfuata. Uza, mwanangu. Tawanya, kila kimoja na njia yake."

"Si uchukue wewe, shangazi?"

"Mimi? Nilale navyo nyumba moja? Una wazimu wewe!"

Ndiyo maana niliuza.

Jioni ya siku ile ya ugomvi nilikaa karibu na mama. Giza likaingia. Ikaja harufu ya mti uliokatwa sasa hivi, mbichi, na ndani yake harufu ya ile dawa ya kuchua kifua niliyokuwa nampaka baba. Nikasubiri tezo.

Halikulia.

Patasi ililia. Tupa ililia, ikikwaruza taratibu. Kikohozi kilikuwepo. Ila pale ambapo tezo lilipaswa kulia palikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya ule nilisikia kama mtu anapapasa meza... anapapasa... anatafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Mama alinigeukia.

"Umemkata mkono," alisema.

Nililia usiku wote. Lakini asubuhi mama alikunywa chai kikombe kizima, nami nikakaza moyo. Msumeno na randa vikachukuliwa na seremala wa barabara ya juu. Tupa zikaenda kwa mwalimu mmoja wa ufundi. Kila zana ikitoka, jioni yake mlio mmoja unakufa, na upapasaji nyuma ya ukuta unaongezeka. Nataka niseme ukweli: si mama peke yake aliyekuwa anausikiliza ule ukuta. Mimi pia nilikuwa namsikiliza baba yangu. Kila mnunuzi aliyebisha hodi nilimchukia kabla sijamfungulia.

Zilibaki patasi zilizofungwa pamoja kwenye kitambaa, na nyundo ya mti.

Fundi wa majeneza ndiye aliyezitaka. Watu walimwita Sentimita, kwa sababu hata akikusalimia macho yake yanakupima kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Alikuja kuziona.

"Usiniogope, binti," alisema akicheka. "Wewe sina haraka na wewe."

Halafu akamwona mama mlangoni, na kicheko kikamwishia njiani. Alimwamkia akainamisha uso. Macho yake, kwa mara ya kwanza, hayakumpima mtu.

Tukakubaliana azichukue kesho yake.

Jioni ile sikukaa na mama. Niliingia karakana.

Mwanga ulikuwa bado kidogo dirishani. Patasi zilikuwa ndani ya kitambaa chake, zimefungwa kama nilivyozifunga. Nyundo ilikuwa pembeni. Nilisimama na mgongo mlangoni.

Ikaja harufu.

Ko... ko ko...

Hakuna kilichosogea. Kitambaa kilitulia, nyundo ilitulia. Mlio ulikuwa mbele yangu, mahali pa kifua cha mtu aliyekaa. Mezani, kwenye vumbi, palidondoka kibanzi kimoja cha mti. Cheupe. Kibichi. Nilikishika, kilikuwa na unyevu.

"Baba," nilinong'ona.

Mlio ukakatika.

"Baba, ni mimi. Umekufa, baba. Tulikuzika. Mimi mwenyewe nilikuosha miguu kabla hawajakuja wanaume."

Nilisikia pumzi. Ilikuwa inakwaruza, kama zile siku za mwisho.

"Mama anaisha. Tafadhali... muache mama. Nimebaki na yeye tu."

Pumzi ilisimama.

Ko.

Mara moja tu.

Nilitoka pale nikilia kwa furaha. Nilijua amekubali. Nilimkumbatia mama palepale kwenye kigoda, mifupa mitupu, nikamwambia sasa yamekwisha. Sikukumbuka, mjinga mimi, kwamba baba hakuwahi kugonga akimaanisha ndiyo. Aligonga akimaanisha amesikia. Na alipokuwa na kazi mkononi, kusikia na kutosikia kwake yalikuwa mamoja.

Sentimita alichukua patasi na nyundo.

Jioni iliyofuata ukuta ulinyamaza. Hakuna upapasaji, hakuna kikohozi, hakuna harufu. Mama aliuwekea sikio huku na huku, juu na chini, halafu akapiga magoti akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nililia naye. Kisha akanyamaza ghafla. Akageuza shingo kuelekea dirishani, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Ahaa," alisema.

Asubuhi aliamka mtu mwingine. Aliomba maji ya moto akaoga. Alikula, akasifia chumvi. Alinisuka nywele, kitu alichokuwa ameacha tangu baba augue, na mikono yake haikutetemeka. Alasiri alisema amechoka, atajinyoosha kidogo. Akanishika shavu.

"Umekuwa mkubwa," aliniambia. "Rudi shule."

Nilimfunika shuka mpaka mabegani. Nilifagia uani, nikafua, nikaimba. Nilichungulia mara mbili, alikuwa amelala upande ule ule, amenipa mgongo, nikasema acha apumzike, amekesha mno. Giza lilipoanza kuingia niliwasha taa, nikaweka chai jikoni, nikawa naelekea kumwamsha.

Hodi ikapigwa.

Nilifungua. Alikuwa Sentimita. Kofia alikuwa ameishika mikononi, anaizungusha.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Alinong'ona, akiangalia nyuma yake. "Uko peke yako?"

"Niko na mama. Amelala." Kupitia mlango wa chumba niliiona shuka na bega lake chini ya shuka. "Kuna nini? Patasi zina kasoro?"

Alichungulia kule nilikokuwa naangalia mimi, akaona nilichokiona, na uso wake ukawa kama majivu. Alirudi hatua moja nyuma, akaushika mwimo wa mlango.

"Nilikuja nikuombe uje umchukue mama yako," alisema. "Tangu alasiri amekaa kwangu, ameegemea ukuta wa karakana, anacheka peke yake. Nimemsihi arudi nyumbani, baridi imeanza. Ameniambia nisihangaike, bwana yake anamalizia kidogo, watakwenda pamoja."