Ngoma Ililia Lorine Akiwa Amesimama

Lorine alisimama katikati ya jukwaa kupumzisha goti, lakini ngoma ikaendelea kulia.

Haikupaswa kuwa hivyo. Muziki ulitoka kwenye vihisio, vifaa vidogo vya kunasa miondoko alivyofungwa mikononi na miguuni. Akikanyaga, ngoma hujibu. Akiinua mkono, nyuzi hulia na rangi zikatambaa ukutani nyuma yake. Mpenzi wake Sydney ndiye aliyeunda mtambo huo, na mwaka mzima walikuwa wakizunguka nao miji ya ziwani.

"Sydney, mbona inalia na sijasonga?"

Sydney alibaki ameinamia kompyuta. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa mtupu.

"Nilirekodi miondoko yako," akasema. "Ile ya kabla hujaanguka ukaumia goti."

"Umeanza lini kuitumia?"

"Tulipokuwa Port Victoria."

Lorine akakaa chini palepale. Tangu Port Victoria alikuwa akimeza dawa za maumivu kabla ya kila onyesho, ili asimharibie Sydney muziki. Kumbe muziki haukujali anafanya nini.

"Ungeniambia."

"Ungesema nimekuchoka."

"Na si umenichoka?"

Sydney akaigeukia kompyuta. Lorine akavua vihisio, akaviacha sakafuni, akaenda kwa dada yake Selpha huko Mamboleo. Siku zikapita hapokei simu za Sydney. Kisha ujumbe ukaingia:

"Nimeghairi onyesho la Jumamosi. Sijakuchoka. Niliona ukiumia nikaogopa kukwambia upumzike."

Akausoma amelala, akajibu: "Futa hiyo rekodi kwanza."

Kesho yake asubuhi Sydney alifika na kompyuta yake na vile vihisio. Akaifuta rekodi mbele yake, kisha akamwomba avae vihisio, atembee tu.

Lorine akatembea uani, kati ya kamba za nguo. Ngoma ikapiga moja nzito, moja hafifu. Nzito, hafifu. Selpha akaacha kufua.

"Inachechemea," Lorine akasema.

"Ni wewe," Sydney akasema. "Nilipaswa kuisikiliza hii kitambo."

Lorine alilia kidogo, bila kelele. Sydney akamwambia kwamba wataanzia hospitali, na hata asipocheza tena, si neno.

"Shemeji, umesikia goti lake?" Selpha akauliza. "Usimkimbize tena."

"Sitamkimbiza."

Lorine akajifuta uso kwa kiganja.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Basi beba begi langu. Twende nyumbani."