Chokaa Mbichi Haiambiwi Kweli

Saa nne kamili asubuhi, ukuta wa mashariki katika Ukumbi wa Baraza ulikohoa, ukasafisha koo, ukaanza kusema.

"Sultani alikuwa na twiga," ulisema, kwa sauti ya kijana mwenye haraka zake. "Usiku twiga hulala uani. Asubuhi huinua shingo, akatia kichwa kwenye dirisha la ghorofa ya pili, akamwamkia Bwana. Bwana akishaitikia, twiga hupewa mkate wa mofa akaenda zake. Mwaka Bwana alioshikwa na homa, twiga alisusa kula siku tatu, na siku ya nne akalia."

Wageni wapatao arobaini walikuwa wamesimama mbele ya ukuta huo pasipo hata mmoja kujikuna. Mwalimu mmoja alikuwa akiandika. Mama mmoja alipangusa jicho kwa upindo wa mtandio, kwa ajili ya twiga.

Mashine iliyouzungumzisha ukuta iliitwa kisikizi. Ukubwa wake ulikuwa kama wa jiko la mkaa, na ilitambaa ukutani kwa miguu minane kama kupe aliyeshiba, ikitanguliza sindano ya nuru. Chokaa, ikiwa bado mbichi, hutetemeka kwa kila sauti inayoigonga, na ikikauka hukauka na mtetemo wake, ukabaki humo kama viwimbi vidogo kuliko chembe ya unga. Sindano ile huvisoma viwimbi hivyo na kuvirudisha kuwa sauti. Kwa hiyo kila aliyewahi kusema mbele ya lipu mbichi alikuwa amejirekodi bila kujua.

Aliyeibuni ni Daktari Salha Mbarouk, mhandisi wa Jumba la Sanaa la Taifa, na jumba hilo liko ndani ya Kasri la Shangazi katika mji wa Mtambwe Mpya. Kasri lina miaka mia mbili na ushei. Inasemekana mtawala mmoja alimjengea shangazi yake ili asiishi naye nyumba moja, na mwenye shangazi wa namna ile ataelewa kwa nini kuta zake ni nene kiasi kile. Ghorofa za juu zimejaa michoro na vinyago vilivyokusanywa kutoka nchi nzima, lakini tangu kisikizi kilipoanza kazi mwaka 2086, michoro ilibaki ikitazamana yenyewe kwa yenyewe. Watu walikuja kusikiliza kuta. Mambo yaliyosikika yaliingizwa katika kitabu cha historia cha darasa la tano, twiga akiwa ukurasa wa kumi na mbili, pamoja na picha.

Nyuma kabisa ya wageni, Mzee Shaame Kheri alikuwa ameuma kilemba chake ili asicheke.

Twiga yule alikuwa wake. Na sauti ile ilikuwa yake, ya miaka hamsini na minane iliyopita, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa lipu aliyesimama juu ya jukwaa la miti mbele ya ukuta huu huu, mwiko mkononi. Kitukuu chake alipokuja nyumbani kumsomea habari za twiga kutoka kitabuni, Shaame alimwambia asome tena, taratibu. Alisikiliza mara nne. Hakumwambia mtu.

Maana mafundi wa lipu walikuwa na mwiko mwingine usioshikika mkononi: chokaa mbichi haiambiwi kweli. Waliamini tangu enzi za babu wa babu zao kwamba ukuta mbichi husikia na kuweka, na nyumba iliyomezeshwa siri ya mtu humrudishia mwenyewe siku mbaya. Basi kuanzia chokaa inapopigwa ukutani mpaka inapokauka, fundi hufunga mdomo au husema uongo mtupu. Kwa kuwa hakuna fundi aliyezaliwa na uwezo wa kufunga mdomo, walishindana kwa uongo. Wanawake waliosaga chokaa na kuipandisha kwa karai walikuwa hatari zaidi kuliko wanaume. Desturi hiyo haikuambiwa mtu wa nje, hata mke, kama naye si wa kazi.

Mize binti Vuai alikuwa wa kazi. Alisaga chokaa katika Kasri hili mwaka ule wa 2031, na mwezi mmoja baadaye akaolewa na Shaame. Waliishi pamoja miaka arobaini na tisa. Katika muda wote huo Shaame alimuuliza swali moja mara zisizohesabika: je, uliniridhia mwenyewe, au ni baba yako tu aliyekukabidhi? Na Mize alimpa jibu moja mara zote.

"Nilishauambia ukuta. Kauulize."

Kisha hucheka, akaendelea na kazi yake. Alifariki miaka tisa iliyopita bila kubadilisha jibu. Mwaka uliofuata, ghala la mawinguni walikohifadhi picha na sauti zao lilifungwa na wenyewe, likaondoka na kila kitu. Shaame akabaki hana hata kikohozi cha mkewe.

Ndiyo maana leo alikuwa amekuja. Kwenye orodha ya kuta alisoma kwamba kisikizi kimefika kwenye nguzo ya nane, karibu na dirisha, na nguzo hiyo anaijua: hapo ndipo Mize aliposimama na karai lake siku ile, akasema neno, na wanawake wakacheka mpaka chokaa ikamwagika. Shaame alikuwa chini uani, akasikia kicheko tu, neno lenyewe asilisikie. Hofu yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa hofu ya kifundi. Iwapo Mize aliuambia ukuta "nampenda", basi kwisha.

Pembeni yake alikuwapo Mcha Vuai, kaka wa Mize, mshona kofia mstaafu wa miaka themanini na tano. Mcha hajawahi kushika mwiko wa lipu maishani mwake. Kwa miaka hamsini na minane amekuwa akimwambia Shaame, harusini, hitimani, hata kliniki, kwamba dada yake alilazimishwa. Kwanza ulikuwa utani. Siku hizi hakuna hata mmoja wao aliyejua umekuwa nini.

"Twende huko kwenye nguzo yako," Mcha alisema. "Miguu yangu haikuja kusikiliza twiga."

Daktari Salha mwenyewe alikuwa pale, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnyenyekevu, mwenye vumbi la chokaa kwenye ncha za buibui. Aliwaamkia, akawatafutia viti viwili, akawaeleza bila haraka kwamba nguzo hii bado haijafunguliwa kwa wageni. Walichokipata humo, alisema, kilimliza siku alipokisikia mara ya kwanza: binti mmoja wa Kasri, miaka mia mbili iliyopita, akikataa kuozwa. Aliandika sura nzima juu yake. Kama wazee hawa wangependa, angewasikilizisha, kwani wamepanda ngazi zote zile.

Shaame alisema wangependa. Mikono yake aliikalia.

Kisikizi kilitambaa, kikajipanga, sindano ikawaka. Kwanza ikaja ngurumo ya mawe ya kusagia, kisha vicheko vya wanawake, kisha sauti moja nyembamba yenye mtetemo mwishoni kama ukingo wa sahani iliyogongwa.

"Chokaa, nisikilize vizuri. Huyu Shaame Kheri simtaki. Akileta posa nitajitupa kisimani. Jana aliponipokea karai sikuona raha hata chembe, na usiku nililala fofofo. Nikiolewa naye nitajuta mpaka kufa kwangu."

Wanawake wakaangua kicheko. Karai likaanguka. Sindano ikazimika.

Mcha ndiye aliyesema kwanza, na alisema polepole, kama mtu ambaye hakutarajia kushinda.

"Nilikwambia," alisema. "Shemeji, sikukwambia?"

Mabega ya Shaame yalikuwa yakitikisika, machozi yakimshuka mpaka ndevuni. Daktari Salha alipiga magoti mbele ya kiti chake, akimwomba radhi. Alidhani mzee ameguswa na habari za binti wa watu. Kisha akakumbuka jina lililotajwa na ukuta, akatazama kadi ya kuingilia iliyoning'inia kifuani mwa mzee, na mkono wake ukarudi nyuma wenyewe.

"Mzee wangu, wewe unaitwa nani?"

"Kama ulivyosoma."

"Majina hufanana."

"Hufanana," Shaame alikubali.

Hapo angeweza kunyamaza. Alijua alichokisikia, na alikijua vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Angeweza kuondoka nacho moyoni na twiga akabaki kitabuni. Lakini Mcha alikuwa amemtazama kwa huruma, na katika miaka yote ya utani hakuwahi kumtazama hivyo, na huruma ile ilikuwa ya mtu anayeamini kwamba dada yake aliishi miaka arobaini na tisa katika majuto. Jambo hilo halikuvumilika. Na ili kulikanusha palikuwa na njia moja tu, kumkana twiga: kama maneno ya twiga ni kweli, basi na ya Mize ni kweli.

"Daktari," alisema, "yule twiga ni uongo. Ni uongo wangu mimi."

Akamweleza: mafundi, jukwaa, mwiko, mashindano. Daktari Salha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole kwamba haiwezekani. Chembe za chokaa zimepimwa mara tatu katika maabara tatu, na umri wake ni miaka mia mbili na kumi.

"Chembe, ndiyo. Sisi hatukununua chokaa mpya yote, mwanangu. Lipu ya kale ilipobomoka tuliikusanya, tukaisaga, tukaichanganya na mpya. Ndivyo ukuta wa zamani unavyotibiwa, la sivyo unaitema dawa. Umepima umri wa unga ukadhani ni umri wa mkate."

Daktari Salha aliinuka, akakigeuza kisikizi kielekee kwa mzee, akamtaka aseme maneno ya twiga. Shaame aliyasema yote, na mwisho akaongeza kipande ambacho ukutani kiliishia njiani kwa sababu chokaa ilikuwa imeanza kukauka: kwamba twiga alipokufa alizikwa wima, na mnara wa bandarini ni shingo yake. Mashine ililinganisha sauti hiyo ya mzee na ile ya kijana. Sauti huzeeka, lakini umbo la koo na pua haliongopi. Kioo kidogo kiliandika: msemaji ni mmoja.

Daktari aliketi sakafuni, akaegemea nguzo ya nane. Miaka kumi na miwili ya kazi. Kitabu kilichomo mikononi mwa watoto wa nchi nzima.

"Katika ukuta huu wote," aliuliza, "hamna kweli hata moja?"

"Imo. Ila usiichukue kama ilivyo. Igeuze."

Daktari aliikazia nguzo macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akigeuza, neno baada ya neno: kisima, karai, usingizi, majuto. Alipofika mwisho alimtazama mzee tena, safari hii kama mtu anayetazama mchoro, na akatabasamu licha ya hasara yake.

Mcha alikuwa mzito zaidi. Aliomba sindano irudie. Ikarudia. Aliomba tena. Baada ya mara ya tatu alitoa leso, akapenga kamasi, akasema kwamba mtu anayeficha mambo namna hiyo ni wa kwao kabisa, mama yao alikuwa vivyo hivyo.

Kitabu kiliondolewa madarasani muhula uliofuata. Barua ya kueleza kosa aliiandika Daktari Salha mwenyewe, hakumsukumia msaidizi wala mashine, na cheo chake alikirudisha kabla hakijadaiwa. Akabaki fundi wa kawaida wa kisikizi, akianza upya, ukuta kwa ukuta. Watoto wa darasa la tano walilalamika juu ya twiga. Wageni walipungua kwa wiki mbili, halafu wakaongezeka. Baadhi yao, wakisubiri zamu, walianza kupanda juu kutazama michoro.

Kabla ya mvua za masika, ufa ulitokea chini ya dirisha, kando ya nguzo ya nane. Daktari Salha alimpelekea Shaame ujumbe: hakuna tena anayejua kuuziba kwa njia ya zamani, na yeye anataka kujifunza. Shaame alikuja na mwiko wake wa tangu ujana. Mcha alikuja bila kualikwa. Walisaga kifusi, wakachanganya, na Shaame akamwonyesha Daktari namna ya kuitupa chokaa kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Mitupo miwili ya kwanza ilimrudia Daktari usoni.

Lipu ilipokaa sawa, mbichi, yenye kung'aa, wote watatu walinyamaza kwa sababu walijua inasikia.

Mcha ndiye aliyesogea kwanza. Alishika ukingo wa dirisha, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa chokaa.

"Mimi," aliuambia ukuta, "nilikuwa sahihi miaka yote hamsini na minane."

Akarudi kwenye kiti bila kumtazama shemeji yake. Shaame alikung'uta mwiko, akaufuta kwenye kanzu, jambo ambalo Mize angemgombeza kwalo. Kisha akasogea.

"Mize binti Vuai," alisema taratibu, ili kila herufi ikae mahali pake, "simkumbuki hata kidogo."

Akalainisha ukuta kwa mgongo wa mwiko, akauacha ukauke.