Injini ya Mama Pindo

Mmoja kati yao alikuwa mwongo, na jaji hakujua ni yupi. Daktari aliapa kwamba miguu ya Mama Pindo, mshonaji, imepooza kabisa. Mkaguzi wa mafao ya ulemavu naye aliapa kwamba aliingia chumbani mwake, akamkuta peke yake akikanyaga cherehani. Ofisi ilimwamini mkaguzi, ikamnyima mafao. Sasa rufaa ilikuwa mbele ya jaji.

Je, jirani wa ukuta mmoja alimchongea kwa mkaguzi? Jaji akamwita, akamhoji.

"Nimchongee ili iweje?" jirani alishangaa. "Cherehani yake ndiyo inayonilaza mchana! Inanguruma taratibu mpaka macho yanajifumba yenyewe."

"Kwa hiyo inakanyagwa?"

"Inakanyagwa. Na nani, Mungu ndiye ajuaye. Hafungulii mtu mlango akiwa kazini."

Basi mambo yakazidi kumharibikia Mama Pindo.

Alasiri jaji akaenda mwenyewe na karani wake. Jua lilikuwa limelegea, mtaa mzima unasinzia, na mlio wa cherehani ulikuja na kupotea kama mtu anayeota. Wakachungulia dirishani. Mama Pindo huyo, kichwa na mikono tu vikionekana, kitambaa cha buluu kikimtiririka vidoleni. Peke yake. Na gurudumu linazunguka!

Jaji alisikitika kwelikweli, maana alitamani mama huyu awe mkweli. Nusura ageuke. Kisha akasukuma mlango.

Chini ya dirisha, juu ya kigoda, alikaa mzee, nyayo zake zikiwa kwenye kanyagio. Alipowaona, akaacha. Kimya kikaujaza mtaa.

"Mume wangu huyo. Ndiye injini yangu," Mama Pindo alisema, machozi yakimlenga. "Nikisema 'polepole', anapunguza. Nikisema 'pindo', anasimamisha miguu, nakunja."

"Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa mchukuzi wa mizigo, mheshimiwa. Wenzake wangemcheka mpaka kaburini: dume zima chini ya cherehani! Lakini magoti yake yamekwisha. Usiku anaugulia maumivu, nami najifanya nimelala. Nisipopata mafao, atakanyaga mpaka aanguke."

"Bado nina mwaka, miwili," mzee alinung'unika.

"Huna hata wiki, baba wee."

Siku ya rufaa, mkaguzi alisimama kizimbani, tai imenyooka.

"Uliingia chumbani?" jaji aliuliza.

"Niliingia, mheshimiwa."

"Mumewe alikaa wapi?"

"Hakuwepo. Mama alikuwa peke yake."

"Cherehani ile haizunguki akiwa peke yake. Ulichungulia dirishani, ukaenda zako. Aliyeingia hawezi kumkosa mzee."

Mkaguzi akatazama viatu vyake.

"Nikiingia ndani, naona huruma," alisema. "Nikiona huruma, naidhinisha. Mkuu wangu alishanionya. Nikaamua nisiingie tena."

"Ni wangapi hukuingia kwao?"

Jaji akaagiza mashauri yote ya mkaguzi huyo yafunguliwe upya, naye ashtakiwe kwa kiapo cha uongo. Mama Pindo akapewa mafao yake.

"Umesikia?" alimnong'oneza mumewe. "Pumzika sasa."

"Nimesikia," mzee alisema, akafumba macho.

Lakini chini ya benchi nyayo zake ziliendelea kupanda na kushuka, polepole, zikikanyaga hewa. Mama Pindo akamwekea mkono gotini.

"Pindo," akasema.

Miguu ikasimama.