Nusu Mzunguko wa Koki

Tega sikio nikutegee, mjukuu wangu: lipo jitu lisilo na pua, nalo linavuta pumzi kutwa, halina kinywa, nalo linakunywa maji. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikautembee, nikurudishie. Ni ukumbi mkubwa wa michezo wa chuo, wenye mifereji ya bati ya kuleta hewa na mabomba ya maji ya kuipoza hewa hiyo. Na siku moja jitu hilo lilitapika.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Mlinzi alifungua mlango akakuta sakafu ya mbao, iliyokamilika juzi tu, imelala chini ya maji, mbao zimefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alikimbilia kuzima pampu. Koki hakuigusa, maana hakujua ipi ni ipi.

Saa mbili akafika mkaguzi wa mitambo. Walimwita Mama Rula, kwa sababu ya rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni. Alikuja kushuhudia mitambo ikijaribiwa saa tano. Sasa jaribio limekufa. Mkuu wa ujenzi alikuwa ameshakata shauri: fundi bomba aliiacha wazi koki ya kumwagia maji. Saa sita angekabidhiwa polisi, na cheti chake cha ufundi kingefutwa. Fundi, baba wa watoto wanne, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Niliifunga, mama," alisema. "Kwa mkono huu."

"Mkono ni wako, utakutetea. Ngoja nikaiulize koki."

Akapanda chumba cha mitambo, juu ya viti vya watazamaji. Mota ya feni, iliyokuwa chini ya koki, aliikuta imefunikwa nailoni na kufungwa kamba barabara. Akacheka peke yake. Aliyesahau hafuniki. Kisha akajaribu kuuzungusha usukani wa koki upande wa kufungulia. Ulikwenda nusu mzunguko, ukagota. Akaurudisha ulipokuwa. Mwisho akatoa rula akapima mfereji wa bati unaopeleka hewa viti vya juu. Akapima tena, akautazama mchoro ukutani, akairudisha rula mfukoni.

Mlinzi alimweleza kwamba jana fundi alirudisha ufunguo saa kumi na mbili jioni. Baada yake waliuchukua watu wawili: seremala wa sakafu, aliyesema amesahau futi yake huko juu, na mhandisi aliyesanifu mitambo, aliyetaka kuangalia michoro.

Kila mtu alimnyooshea seremala kidole. Wiki mbili nzima alikuwa akigombana na fundi kwa ajili ya matone yaliyodondokea mbao zake, hata akaapa hadharani kwamba atamkomesha. Mama Rula alipomuuliza, hakukana ugomvi.

"Lakini mama, nani anabomoa nyumba yake ili jirani alowe?"

Mhandisi alijibu kwa kifupi. Kosa ni la fundi, muda unapotea, na yeye kazi yake ni kalamu. Koki hajashika tangu azaliwe.

Saa tano kasoro robo Mama Rula aliwapandisha wote. Pampu ikiwa bado imezimwa, aliifunga koki, akamtaka kila mmoja aifungue mpaka mwisho, naye akiifunga tena kila mara. Seremala alizungusha mpaka ikagota, akahema, akauliza kama kuna soda ya ujira. Fundi alizungusha mpaka ikagota, akaachia. Mhandisi alisema huo ni mchezo wa watoto, mpaka mkuu alipomwambia aucheze basi. Alizungusha haraka, ikagota, na mkono wake wenyewe ukairudisha nusu mzunguko.

Mama Rula aliugonga usukani kwa rula.

"Koki za zamani ukiziacha wazi mpaka mwisho zilikuwa zinakwama. Ndiyo maana mafundi wa zamani walizirudisha nusu. Hizi hazihitaji, na vijana hawafundishwi tena. Nami asubuhi nimeikuta imerudishwa hivyo hivyo. Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Baba," alisema mhandisi polepole. "Alikuwa mtu wa pampu."

"Alikulea vizuri. Hata mota uliionea huruma."

Akawaeleza yaliyobaki. Mfereji wa juu ulichorwa mwembamba mno. Jaribio la saa tano lingeonyesha kwamba watu wa viti vya juu wataiva kwa joto. Sakafu ikiharibika, jaribio linasogezwa miezi miwili, na katikati ya ukarabati bati linabadilishwa kimyakimya.

"Michoro hukosewa kila siku," alimwambia. "Raba ipo. Kwa nini hukusema tu?"

Mkuu alimtuma mlinzi akapige simu polisi, akamshika fundi bega, akamwambia cheti chake kiko salama, aende nyumbani akapumzike. Fundi hakuondoka. Naye alitaka kusikia jibu.

Mhandisi alijifuta mikono kwenye shati lake jeupe, akamtazama fundi kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa sababu wewe uliniambia," alisema. "Mwezi wa tatu ulilishika bati ukasema halitoshi. Nikakucheka mbele ya watu wote."