Buluu Nyuma ya Jiwe

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilijaa hadi mlangoni. Watu walibishana juu ya mabomba, mkokoteni wa simenti ulipita juu ya kidole cha mtu, na katikati ya zogo hilo dada mmoja, mpima macho kwa kazi yake, alisimama na kipande cha jiwe mkononi kama aliyesahau alichofuata. Alivaa gauni la kijivu lililonyooshwa pasi vizuri, na viatu visivyofaa kabisa mahali penye vumbi.

"Dada, ukilitazama sana hivyo litaona haya."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la drafti lililotoboka kiwiko, na simenti imemganda kwenye nyusi. Fundi wa mawe.

"Nataka ya mbele ya nyumba," dada akasema. "Haya ni mawe kweli?"

"Ni simenti iliyomwagwa kwenye kalibu ikatiwa rangi kiwandani. Ni mepesi, yanabandikwa ukutani. Lakini usichague kwa kipande kimoja, tena chini ya taa ya duka. Utafika nyumbani ukute umenunua rangi nyingine."

Akabeba maboksi mawili mpaka nje, akayapanga mawe chini juani, ya kahawia huku, ya kijivu kule.

"Lipi?"

"Lolote."

"Lolote haliuzwi hapa."

Dada alinyoosha kidole kwenye kijivu. Fundi alipouliza kwa nini, alijibu, "Halisemi kitu."

Ilikuwa miezi kumi tangu amzike mama yake, na hakuwa ametoa chozi. Ndugu walimsifu kuwa ana moyo mgumu, nao walikosea. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama taya baada ya sindano ya daktari wa meno. Alikula, alienda kazini, alirudi. Mawe yenyewe alitaka mama, miaka na miaka, bila kuyapata. Binti aliona angalau hilo analiweza.

Fundi akapewa kazi. Kabla hajaanza, alikwenda kupimwa macho, akidai kingo za mawe zinamchezea. Dada alimkalisha kitini, akambadilishia vioo.

"Ya kwanza au ya pili?"

"Rudia."

"Ya kwanza, au ya pili?"

"Zote nzuri, mradi uulize wewe."

"Fundi, nina watu kwenye foleni."

Lakini jioni simu ilipolia aliipokea haraka kuliko alivyokusudia.

"Umekula, mpenzi?"

"Mpenzi nani?"

"Basi nimekosea namba. Umekula, dada mpima macho?"

Alitabasamu. Tabasamu lenyewe halikufika mbali, ila lilikuwapo, na kwa wiki tatu mfululizo simu hiyo ikawa kitu pekee alichokisubiri katika siku nzima.

Sasa ukuta. Mwaka wake wa mwisho, mama alichoka kusubiri mawe. Alipanda kwenye stuli akaupaka ukuta wa mbele buluu kwa mkono wake mwenyewe. Michirizi ya brashi ilikwenda ovyo, na juu kabisa, chini ya paa, ambako mkono haukufika, aliacha bila rangi. Binti hakumweleza fundi lolote kati ya hayo. Kusema kulimchosha.

Jumanne dada alirudi nyumbani kutoka kazini akakuta upande wa kushoto wa ukuta umebanduliwa hadi plasta, na magamba ya buluu yamefagiliwa yakawa rundo.

"Nani kakuruhusu?"

"Ndiyo kazi ilivyo, mpenzi. Simenti haishiki juu ya rangi."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini? Ni rangi tu."

Maneno matano yangemaliza ugomvi wote ule. Hakuyasema.

"Upande huo umalize. Kisha ukusanye vifaa vyako."

Fundi alimaliza upande wa kushoto kwa siku tatu bila kuinua uso. Aliamini dada ameona aibu kupendwa na mtu wa simenti. Hata hivyo alipiga simu siku kumi na moja, na kila siku dada aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Hakusikia uchungu, na hilo ndilo lililomtisha.

Mama mdogo, aliyekuwa akikaa naye, akaleta fundi mwingine, mcheshi.

"Kubandua ya nini?" akasema huyo. "Kujipa kazi tu."

Akabandika mawe ya upande wa kulia moja kwa moja juu ya buluu. Dada aliridhika. Rangi ya mama imo humo ndani, alijiambia, imefunikwa, iko salama.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Jumapili asubuhi ikasikika ko, kisha ko.

"Nani anabisha hodi?" mama mdogo akauliza.

Hakuna aliyebisha. Dada alitoka pekupeku. Mawe ya kulia yalikuwa yakidondoka mojamoja, yamebaki matatu tu kule juu, chini ya paa, ambako mama hakufika. Aliokota moja akaligeuza. Mgongoni lilikuwa limeng'oa bamba la rangi, buluu safi, na michirizi ya brashi ya mama ikienda ovyo, na unywele mmoja wa brashi umenasa humo.

Alikaa juu ya mawe yaliyolowa, akalia kwa sauti, mpaka koo likamkauka.

Mama mdogo alisimama mlangoni. "Lia, mwanangu," akasema. "Umechelewa sana."

Baadaye alimpigia simu fundi wa kwanza.

"Mawe yanaanguka."

"Upande gani?"

"Wako umesimama." Akaligeuza lile jiwe mkononi. "Buluu ile alipaka mama yangu. Kabla hajafa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sisikii kitu. Ningesema nini?"

"Nisamehe. Nilisema ni rangi tu."

"Njoo."

Alikuja na shati lile la drafti, kiwiko kimeshonwa, na miwani aliyotengenezewa na dada. Hakugusa ukuta. Alichambua mawe yenye buluu, akayafuta matope, akayapanga dirishani migongo ikitazama ndani. Ndipo akasema, "Iliyobaki lazima itoke. Sitaki kukudanganya."

"Najua. Nipe tindo."

"Utaumia mkono."

"Nataka niumie."

Akamfundisha kulaza tindo na kugonga taratibu. Magamba yalimrukia usoni. Baada ya robo saa kiganja kilikuwa kinawaka moto, na dada alikitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Nikuulize kama unavyouliza wewe," fundi akasema. "Ya kwanza, nimalize ukuta niende zangu. Ya pili, nimalize ukuta nibaki, nikuoe."

Dada alishusha nyundo. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa kulia.

"Rudia."

Fundi akarudia, neno kwa neno.

"Ya pili," dada akasema, akainua nyundo tena, maana buluu iliyobaki ilikuwa nyingi.